Matope ya Magara kwenye Meza ya Shizuoka

Katika chumba ninachoishi hapa Shizuoka, Japani, kuna meza nyembamba niliyoisogeza chini ya dirisha, na juu yake kwa muda wa miezi minne limekaa gari la modeli, aina ya Datsun 240Z, lenye urefu wa sentimita 17. Gari lenyewe halisi lina urefu wa mita 4.1 hivi, ukigawa kwa 24 utalipata hilo la kwangu. Ni jekundu, boneti yake ni nyeusi isiyong'aa, na ubavuni lina namba 11, kama lile ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller waliliendesha mwaka 1971 wakashinda mashindano ya magari ya Safari Rally ya Afrika Mashariki. Modeli hiyo, inayouzwa ikiwa boksi lenye vipande vyote vya kuunganisha, imetengenezwa na kampuni ya Hasegawa, ambayo makao yake yako Yaizu, mwendo mfupi wa treni kutoka ninapoishi.

Mimi ni mzaliwa wa Magara, kijiji kilicho chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, karibu na Ziwa Manyara. Utotoni tulitengeneza magari ya waya, magurudumu tukiyakata kwenye kandambili zilizochakaa, na fundi aliyeheshimiwa kati yetu alikuwa yule ambaye usukani wake uliweza kweli kugeuza magurudumu ya mbele. Nilipofika Japani kusoma ufundi wa mitambo, na baadaye nikaajiriwa katika karakana ya vipuri, sikujua kwamba nimeletwa katika mji ambao watu wazima hufanya kazi hiyohiyo kwa uzito uleule. Nilikuwa tayari na umri wa miaka 31 nilipoingia kwa mara ya kwanza katika duka la modeli, nikaona maboksi yamepangwa kutoka sakafuni hadi darini: ndege, manowari, vifaru, pikipiki, mahekalu. Nilisimama pale hadi muda wa kufunga.

Shizuoka haikupata sifa hii ya kuwa mji wa modeli kwa bahati. Mafundi seremala walikusanywa hapa zama za watawala wa Tokugawa kujenga mahekalu, likiwemo Sengen, na wengi hawakuondoka. Vizazi vyao vikaendelea na samani, sanamu za wanasesere na vitu vidogo vya mbao. Kampuni ya modeli ya Aoshima ilianza mwaka 1924 ikijishughulisha na ndege. Tamiya ilianza mwaka 1946 ikiwa kampuni ya mbao, ikaingia katika modeli za mbao, kisha mwaka 1960 ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato, ambayo haikuleta faida kwa sababu mshindani alikuwa na Yamato yake ya bei nafuu zaidi. Kampuni iliokoka kwa vitu vilivyofuata, kikiwemo kifaru cha Panther chenye mota ndani. Hapo ndipo ulipotokea uwiano wa 1/35 ambao leo unatumika duniani kote kwa modeli za kijeshi: mwili wa kifaru hicho ulipimwa kwa kuhakikisha kwamba betri na mota vinaenea ndani yake. Mimi hupenda sana habari hiyo, maana inaonyesha kwamba kipimo ambacho mamilioni ya watu wanakifuata kilitokana na ukubwa wa betri mbili.

Leo mji wenyewe umejipamba kwa kazi yake. Mitaani kuna sanduku la posta na kibanda cha simu vilivyotengenezwa kama vipande ambavyo havijakatwa kwenye fremu yake ya plastiki, kana kwamba mtu angeweza kuvitoa kwa koleo na kuviunganisha. Nilipowatumia watoto wa dada yangu picha za sanduku hilo, waliuliza kama barua zake nazo ni za plastiki.

Kazi ya kuunganisha haihitaji vitu vingi, lakini inahitaji mkono usio na haraka. Vipande huja vikiwa vimeshikamana na fremu, kwa kuwa plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani ya kalibu ya chuma na kupita katika mifereji hiyo hadi kwenye kila kipande. Unakata kwa koleo ndogo yenye makali bapa, kwanza mbali kidogo na kipande, kisha karibu, kwa sababu ukikata mara moja plastiki hubabuka na kuacha doa jeupe. Kisiki kinachobaki unakiondoa kwa kisu na msasa, namba 400, halafu 600, halafu 1000. Gundi ninayoipenda ni nyepesi kama maji. Haipakwi, bali unabana vipande viwili pamoja, unagusa mshono kwa ncha ya brashi, nayo hukimbia yenyewe ndani ya ufa. Haishiki kama gundi ya mbao. Inayeyusha plastiki pande zote mbili hadi zinakuwa kitu kimoja, na mimi ambaye mchana kutwa ninachomelea vyuma, nilipolielewa hilo, nilijua nimefika mahali pa watu wa fani yangu.

Rangi ni shughuli nyingine, na Japani ina msimu wake wa kuitesa. Kuanzia Juni hadi katikati ya Julai hunyesha mvua za tsuyu, na hewa hujaa unyevu kiasi kwamba rangi ya kupuliza hukauka ikiwa na ukungu mweupe usoni. Mwaka wangu wa kwanza niliharibu bodi nzima ya gari namna hiyo, nikalazimika kuiosha kwa kemikali na kuanza upya. Siku hizi, tsuyu ikiingia, ninafunga kompresa na kukaa na kazi za ndani ya gari: viti, dashibodi, mikanda, vizima moto, mambo ambayo milango ikifungwa hakuna atakayeyaona isipokuwa mimi.

Katika klabu yetu ya waunda modeli yuko mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi ya kuchonga kalibu kwa miaka mingi, ambaye sote tunamwita sensei, yaani mwalimu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuweka stika za maji, ile karatasi nyembamba kuliko ngozi ya kitunguu unayoilowesha, ukaitelezesha juu ya bodi na kuilainisha kwa dawa hadi ijipinde kufuata kila mkunjo. Namba 11 ya gari langu niliiweka nikiwa nimekaa kando yake, na alinizuia mkono mara mbili bila kusema neno.

Nilipomaliza kupaka rangi na vanishi, gari lilikuwa zuri lakini si la Safari. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na sifa yake kubwa ilikuwa barabara zenyewe. Hazikufungwa, gari la mashindano lilikutana na lori, ng'ombe na basi la abiria. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 na yakamaliza 7, na mwaka 1968 yaliondoka 93 na tena yakamaliza 7; miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki kwa Peugeot 404. Gari la namna hiyo likikaa kabatini likiwa safi, halijasema kitu.

Basi nikachanganya puti nyembamba na rangi ya kahawia, nikairusha kwa brashi pembeni mwa gari, nikapaka chaki iliyosagwa badala ya vumbi, nikapiga picha na kumtumia baba. Baba yangu alikuwa kijana wakati Safari ilipokuwa ikipita Mbulu miaka ya 1960, na yeye na wenzake walikesha kwenye kona za mlima wa Magara wakisubiri magari yatakayokwama ili wayasukume. Alinipigia siku ya pili yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeliona gari. Ni zuri sana. Lakini matope hayo si ya kwetu."

Nikamwuliza kasoro iko wapi, naye akanieleza kwa karibu saa nzima, kwa utulivu wa mtu anayetoa ushahidi. Gari linalotoka chini bondeni, alisema, kwanza hupakwa vumbi jeupe la upande wa ziwa, tena hilo huingia kila mahali, hata ndani ya taa. Likianza kupanda ndipo linapokutana na udongo mwekundu uliolowa, unaoteleza kama sabuni, na huo hauji juu kama mvua, bali hutupwa na gurudumu: unaanzia nyuma ya gurudumu la mbele, unapanda mlango kwa mshazari, unapungua kabla ya kufika dirishani. Weupe unabaki juu ya paa. Nyuma ya gari kunakuwa kwekundu kote kwa sababu upepo unarudisha matope. Halafu akasema jambo ambalo nisingelipata katika picha yoyote:

"Na usisahau mikono yetu. Tulisukuma kwa nyuma. Pale tulipoweka viganja, matope yalitoka."

Niliiosha kazi yote. Nilianza tena na tabaka la chaki nyeupe, nikalifunga kwa vanishi isiyong'aa, kisha nikajaribu udongo mwekundu juu ya kipande cha plastiki kibovu mara kumi na moja hadi nikapata wekundu ambao baba aliuafiki kwenye simu. Kwenye kioo cha mbele nilibandika utepe uliokatwa kwa umbo la njia ya waipa kabla ya kupuliza vumbi, ukitolewa unaacha mapinde mawili safi. Viganja nilivitengeneza mwisho, juu ya kifuniko cha nyuma, kwa ncha ya kijiti cha pamba kilicholoweshwa. Kwa uwiano wa 1/24 kiganja cha mtu mzima hakifiki upana wa milimita 4. Viko vinne.

Kila Mei kunakuwa na maonyesho makubwa ya modeli katika ukumbi wa Twin Messe, ambayo asili yake ni mwaka 1959, na klabu kutoka kila pembe ya Japani na nchi za nje hupanga kazi zao mezani. Mwaka huu Datsun langu lilikaa kwenye meza ya klabu yetu kati ya ndege mbili za sensei. Nilisimama nyuma yake siku mbili. Wajapani wengi wanaijua Safari vizuri kuliko vijana wa kwetu, kwa sababu ushindi wa Nissan, watengenezaji wa Datsun, wa miaka ile uliwapa fahari kubwa, na wazee walimtaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeshinda mara tano, kama wanavyomtaja jirani. Bwana mmoja alichuchumaa mbele ya gari muda mrefu, macho yakiwa usawa wa magurudumu, kisha akazunguka nyuma na kuuliza alama zile ni za nini. Nilimwambia kwamba mojawapo ni ya baba yangu. Aliinama kwa heshima, akaliangalia tena.

Nyumbani nina maboksi 23 ambayo sijayafungua. Hapa yana jina, tsumipura, yaani lundo la plastiki linalosubiri, na kila mwenye mapenzi haya analo, kwa kuwa viwanda hutoa modeli kwa awamu na ikiisha unaweza kungoja miaka kabla haijatolewa tena. Mengine nimeyapata katika maduka ya vitu vilivyotumika, yakiwa na maandishi ya penseli ya mwenyewe wa zamani kwenye karatasi ya maelekezo. Ninayatunza kwa furaha ileile ninayopata kwenye kuunganisha.

Desemba ninakwenda likizo, na baba ameomba gari liende. Rangi na gundi haziruhusiwi ndegeni kwa kuwa zinashika moto, kwa hiyo hakutakuwa na nafasi ya kurekebisha kitu huko. Nimetengeneza sanduku la mbao lenye sifongo iliyochongwa kufuata umbo la gari, na vioo vya pembeni, ambavyo ndivyo dhaifu kuliko vyote, nimeviacha bila gundi vikiwa katika kibati chake. Dada amepima kabati la sebuleni: kina chake ni sentimita 30. Baba anataka gari likae likiwa limegeuzwa, nyuma yake ikiwatazama wageni.