Mimea Hupumua Mchana na Usiku

Kila ninapofundisha mada ya upumuaji, wapo wanafunzi wanaoandika kwamba mimea hupumua usiku tu, na mchana hufanya usanisinuru (kutengeneza chakula kwa mwanga, maji na kabonidayoksaidi). Ukweli ni kwamba seli hai za mmea, sawa na zetu, huvunja glukosi kwa oksijeni saa zote ili kupata nishati, zikitoa kabonidayoksaidi na maji. Ila mchana majani hutumia kabonidayoksaidi kwa kasi kuliko inavyozalishwa, hivyo oksijeni ndiyo inayotoka kwenye stomata (vitundu vidogo vya jani). Mwanasayansi Jan Ingenhousz alionyesha mwaka 1779 kwamba mwanga ndio unaoleta tofauti hiyo.

Jaribio ninalolipenda ni la maharage yanayoota, yaliyofungwa kwenye chupa pamoja na kikombe kidogo cha maji ya chokaa. Chupa ya pili iwe na maharage yaliyochemshwa, kisha yakaoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu (wengi husahau dawa, na bakteria huharibu matokeo). Baada ya muda, maji ya chokaa ya chupa ya kwanza hugeuka meupe kama maziwa, ishara kwamba maharage hai yametoa kabonidayoksaidi.

Pumzi anayotoa binadamu ina takriban asilimia 4 ya kabonidayoksaidi, ilhali hewa anayovuta ina asilimia 0.04 tu. Anayeogopa kulala chumba kimoja na ua lililopandwa kwenye chungu, kwa kuwa usiku hutoa gesi hiyo, angemwogopa kwanza mwenzake wa kitandani.