Mabinti wa Watu Katika Kanisa la Roskilde

Kutoka Copenhagen hadi Roskilde ni takriban nusu saa kwa treni, na juu ya mwendo huo sina la kusimulia isipokuwa nauli, ambayo kwa umbali mfupi kama ule ilinifanya niitazame tiketi mara mbili. Nilikwenda kuona kanisa kuu la matofali mekundu ambalo ujenzi wake ulianza katika karne ya 12, na ambamo wamezikwa wafalme na malkia wa Denmark wapatao 40. Wafalme wenyewe hawakunishughulisha. Nilitaka kujua habari za wanawake, wale waliozaliwa katika ukoo huo wakaozwa mbali na wale walioletwa kutoka mbali wakaolewa humo, kwa kuwa kwetu Uchagani swali la mwanamke atazikwa wapi limewahi kuvunja udugu wa watu walionyonya ziwa moja.

Mlango ulikuwa umefungwa. Palikuwa na harusi, nasi wageni tukaambiwa turudi alasiri. Upepo wa pale hauna huruma kwa mtu aliyevaa koti la kuazima, hivyo nikajisalimisha katika mkahawa wa jirani, ambako bakuli la supu ya viazi lilinigharimu fedha ambazo Moshi zingetosha kununua kilo mbili za nyama. Meza zilikuwa zimejaa. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe, mwalimu mstaafu wa mji huo, aliomba kuketi nami, akaniuliza nimetoka wapi na nimekuja kumwona nani. Nilipomtajia Dagmar aliweka kijiko chini.

«Umechelewa,» alisema. «Walimchukua mwaka 2006.»

Nilimweleza kwamba hilo nalijua, na kwamba ndilo hasa lililonileta. Hapo mazungumzo yakanoga, wala sikuikumbuka tena harusi.

Dagmar alizaliwa mwaka 1847, binti wa pili wa mtu ambaye baadaye alitawala kama Christian wa Tisa. Dada yake mkubwa, Alexandra, aliolewa na mrithi wa Uingereza mwaka 1863. Mdogo wao, Thyra, aliolewa katika ukoo wa Hannover, ambao kufikia wakati huo ulikuwa umekwisha kunyang'anywa ufalme wake. Dagmar alichumbiwa na Nicholas, mrithi wa Urusi, lakini kijana huyo alifariki mwaka 1865 kabla ya ndoa, na mwaka uliofuata bibi harusi akaolewa na Alexander, mdogo wa marehemu. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa desturi ya namna hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 18 alipopanda meli, na Hans Christian Andersen, yule mwandishi wa hadithi, alikuwa miongoni mwa waliomsindikiza bandarini. Alibadili dhehebu, akaitwa Maria Feodorovna, akawa malkia wa Urusi mwaka 1881 na mjane mwaka 1894. Mapinduzi yalimuulia wana wawili na wajukuu kadhaa, wala hakukubali hadharani kwamba wamekufa. Mwaka 1919 manowari ya Waingereza ilimtoa Crimea, naye akarejea kwao, akafariki mwaka 1928 katika nyumba ya Hvidøre aliyokuwa ameinunua pamoja na Alexandra. Alitaka kulala kando ya mumewe, lakini Urusi ya wakati huo haikuwa nchi ya kuupokea mwili wa mama yake mfalme aliyepinduliwa. Ndipo akawekwa Roskilde, akangoja miaka 78 hadi alipopelekwa Urusi kulala kando ya mumewe.

Yule mama alisimama barabarani siku jeneza lilipoondolewa kwenda kupakiwa melini, na bado alikuwa na hasira. «Alikimbilia kwao,» alisema, «na kwao ndiko alikofia. Mumewe angeweza kuendelea kusubiri.» Nilimjibu kwamba marehemu mwenyewe aliacha neno. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu kwa haraka, akasema kwamba mtu aliyepoteza kila kitu husema mengi.

Nilimsimulia habari ya shangazi yangu, ambaye aliachana na mumewe akarudi nyumbani, akalima nasi na kutulea kwa miaka mingi. Alipofariki, ukoo wa mumewe ulituma wazee kudai mwili, kwa hoja kwamba ng'ombe walikwisha kutolewa na kwamba mama wa watoto wao hawezi kulala katika kihamba (shamba la ukoo) cha kaka zake. Vikao viliendelea huku maiti ikingoja katika chumba cha kuhifadhia, na malipo yake yakipanda kila siku. Mwishowe walimchukua. Baba yangu hakuhudhuria maziko, na hadi leo hatuendi upande ule ila kwa msiba. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akalipia supu yangu, jambo ambalo sikulitarajia katika nchi ile.

Kanisa lilifunguliwa kwa kuchelewa na kiingilio kikatozwa chote. Nyuma ya madhabahu amelala Margrete wa Kwanza, binti wa mfalme wa Denmark aliyeozwa kwa mfalme wa Norwe akiwa na miaka kama 10, kisha akaziunganisha Denmark, Norwe na Uswidi chini ya utawala wake. Alifariki mwaka 1412, akazikwa katika monasteri ya Sorø, kwenye kaburi la baba yake na la mwanawe wa pekee. Mwaka uliofuata askofu wa Roskilde aliuhamisha mwili wake, na watawa wa Sorø hawakuridhia. Sanamu yake nyeupe ni nzuri kuliko zote mle ndani, lakini nilipoitazama niliwaza zaidi mtoto aliyebaki Sorø.

Mfalme Christian wa Saba yumo. Mama yake wa kambo, Juliana Maria, aliyeshiriki njama za mwaka 1772 za kumwangusha malkia kijana, naye yumo. Asiyekuwemo ni malkia mwenyewe, Caroline Mathilde, dada wa mfalme wa Uingereza, aliyeletwa Denmark akiwa na miaka 15 kuolewa na Christian huyo, mwenye maradhi ya akili. Alipendana na daktari wa mfalme, Struensee. Daktari akakatwa kichwa, malkia akapewa talaka, akatenganishwa na watoto wake wawili na kupelekwa Celle, Ujerumani, alikofariki mwaka 1775 akiwa na miaka 23. Huyo hakuna askofu wala ukoo uliomgombea.

Kaburi la malkia Margrethe wa Pili, aliyeachia kiti mwaka 2024, limekwisha kuchongwa na msanii Bjørn Nørgaard. Mumewe, Henrik, alitangaza mwaka 2017 kwamba hatalala humo, kwa kuwa hakupewa cheo sawa na cha mkewe. Alipofariki mwaka 2018, nusu ya majivu yake ilimwagwa baharini na nusu ikazikwa katika bustani ya kasri la Fredensborg. Nilipokuwa narudi nikamkuta yule mama kituoni, nikamuuliza anamwonaje Henrik. Alicheka sana, akasema kwamba mwanamume akioleka husumbua namna hiyo.

Usiku huo nilitazama nauli ya treni ya kwenda Celle. Ilizidi kodi ya chumba changu cha wiki nzima, nami sikwenda.