Siku moja na sanduku la vitabu, Busia

Saa 11:00 alfajiri

Gundi kwanza, chai baadaye. Vijiko viwili vya unga wa muhogo, nusu kikombe cha maji baridi, koroga mpaka madonge yaishe, kisha jikoni, na mkono usiache mwiko. Nikizembea kidogo tu inageuka ugali. Gundi ya dukani naijua, lakini bei ya chupa moja inanipatia dazeni ya penseli. Hii ya muhogo ina kasoro moja: mende wanaipenda kuliko watoto wanavyopenda vitabu.

Leo nina wagonjwa watatu, vitabu vya sanduku ninalozungusha mashuleni. Wawili wamechanika kurasa tu, hao ni wa kubandika na kuwekea jiwe juu. Wa tatu amekatika mgongo. Vitabu hivi vyembamba vya kurasa 16 hufungwa kwa pini mbili, na pini zikishika kutu zinakula karatasi. Naing'oa kwa ncha ya kisu, natoboa matundu matatu kwenye mkunjo, nashika sindano ya magunia. Uzi unatokea tundu la kati, unaingilia la juu, unapita kwa ndani hadi la chini, unatoka, unarudi la kati, fundo. Jalada jipya ni boksi la sabuni lililokatwa. Kitabu sasa kinanukia vizuri kuliko kilipokuwa kipya.

Saa 1:00 asubuhi

Sanduku ni la bati, kama lile la mwanafunzi wa bweni, la buluu, kufuli halina ufunguo kwa hiyo nafunga kwa waya. Ndani mna vitabu 84 na kaunta buku moja ya kuandikia nani kachukua nini. Kiingereza ni kama nusu, vinavyobaki ni Kiswahili, Luganda, na vichache vya Lusamia tulivyoandika na kushona wenyewe.

Kijana wa boda analifunga kwa mpira wa tyubu. Watu wa hapa mpakani mwa Uganda na Kenya tunadai kwamba hata neno boda boda ni letu, lilizaliwa kwa waliokuwa wakivusha abiria kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka, "border" hadi "border". Kijana mwenyewe hana habari na hayo. Anataka kujua kama leo nina kitabu cha mpira. Ninacho. Anakisoma stendi akisubiri abiria, mwezi wa pili sasa, na hajarudisha. Jina lake liko kwenye kaunta buku, na nauli yangu anaipunguza. Tumeelewana.

Saa 2:30

Shule ya kwanza, P4, yaani darasa la nne la msingi, watoto 73.

Nilichagua P4 makusudi. Kwa mtaala ulioanza mwaka 2007, mtoto wa Uganda anafundishwa kwa lugha ya eneo lake kuanzia P1 hadi P3. P4 ni mwaka wa kuvuka, na P5 anapokelewa na Kiingereza kitupu. Kwenye karatasi ni daraja zuri. Darasani unakuta mtoto aliyeanza kusoma Lusamia vizuri, sokoni anapiga Kiswahili kama dereva wa lori, na sasa Sayansi anasomeshwa kwa lugha ambayo hajawahi kugombana nayo wala kucheka nayo. Wengi wananyamaza mwaka huo. Ndiyo sababu sanduku linakwenda kwao kwanza.

Utaratibu ni mfupi. Sanduku linafunguliwa, wanakuja mstari kwa mstari, kila mmoja anajichagulia, halafu dakika ishirini za kusoma kimya. Kuchagua ndipo walimu wengi wanaposhindwa kuvumilia. "Madam, huyo mpe kile chepesi." Simpi. Nimewafundisha watoto kipimo cha vidole: fungua ukurasa wa katikati, soma, na kila neno usilolijua kunja kidole kimoja. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu bado kizito, kirudishe, hakiendi popote. Kama hakuna kidole kilichokunjwa basi pengine ni chepesi mno, ingawa hapo sikatazi. Nani hajawahi kunywa uji akiwa na meno yake yote?

Kuna kijana mmoja ambaye kimoyomoyo nimemwita Upepo. Kila wiki anachukua kile kinene kuliko vyote, cha Kiingereza, kurasa 120, anakaa karibu na dirisha na kupindua kurasa. Nimewahi kumhesabia: ukurasa mmoja kila baada ya pumzi tano, macho yako kwa mbuzi wa jirani. Kipimo cha vidole anakifanya mbele yangu kwa heshima zote, anakunja kimoja, ananitabasamia. Namwelewa. Kitabu kinene kwa mtoto ni kama sangara begani: ukipita nacho hakuna anayekuuliza kama unajua kukipika.

Leo nilibakiza kidogo nimwambie, "Haya, nisomee sentensi hii." Nikaumeza ulimi. Mwaka jana nilikuwa na karatasi ya maswali matano kwa kila kitabu: nani, wapi, lini, kwa nini, umejifunza nini. Niliona ni kazi nzuri kweli. Kulikuwa na msichana aliyekuwa akimaliza vitabu viwili kwa wiki, akaacha ghafla. Nilipomuuliza akaniambia, "Madam, vitabu vyako vina mtihani nyuma." Karatasi zile nimezimaliza kwa kuwashia moto.

Kwa hiyo dakika ishirini zile na mimi ninasoma. Nakaa mbele na kitabu changu, sizunguki, sisahihishi, simkoholei mtu. Wiki za mwanzo walinichungulia kuona kama nasoma kweli. Hata mimi nilijiona kama Upepo.

Saa 4:30

Shule ya pili jina silitaji. P6 walikuwa na saa yao ya kusoma, tumekubaliana tangu muhula wa kwanza. Nafika, nakuta ubao umejaa hesabu za asilimia. Mkuu ananipokea vizuri, ananikalisha, chai na mihogo, kisha: "Madam, PLE haina sungura na fisi."

Nilijaribu. Nikamwambia PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ni masomo manne, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii, na yote manne yanaulizwa kwa kusoma. Nikamwambia karatasi ya Kiingereza yenyewe, ukifika sehemu ya B, ina kifungu cha habari mtoto anatakiwa akisome peke yake, bila mwalimu wa kumwimbisha. Akacheka, akaniongezea muhogo. Mtu akikujibu kwa muhogo huna la kusema.

Akanipa P3 kwa dakika ishirini, kama fidia. Tukasoma kile kitabu chetu cha Lusamia kuhusu kuku aliyevuka mpaka bila kitambulisho, mara mbili, na mara ya pili wao ndio walionisomea. Kuhusu P6 nitarudi tena Jumatano.

Saa 7:00 mchana

Kikomando. Kwa msomaji wa mbali: chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharage. Nakula nimesimama kwa sababu baada ya hapo ni steshenari.

Hapo ndipo hadithi mpya zinapotoka. Kuna mradi unaitwa African Storybook, hadithi fupi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, na leseni yake inaruhusu kupakua, kuchapa, hata kutafsiri, bila malipo. Ninachopenda ni kwamba hadithi ileile unaipata kwa lugha zaidi ya moja. Nachapa ya Kiswahili na ya Kiingereza, nazishona mgongo kwa mgongo: ukiisoma upande huu ni Kiswahili, ukikigeuza kichwa chini ni Kiingereza. Mtoto akikwama kwenye neno anageuza kitabu, analikuta upande wa pili limevaa nguo anazozijua. Kamusi tunayo moja tu, na ina uzito wa tofali.

Mwenye steshenari anatoza kila ukurasa na hapunguzi hata shilingi. Ila leo kabla ya kunipa karatasi ameisoma hadithi yote, amesimama pale mashineni, wateja wamempangia foleni.

Saa 10:30 jioni

Klabu. Tunakutana kwenye kibaraza cha duka la nafaka huku mtaa wa Sofia, watoto wa shule tofautitofauti, kati ya ishirini na arobaini kutegemea nani katumwa maji. Lugha ya hapa ni Kiswahili, maana ndiyo inayotukutanisha Wasamia, Wateso, Waganda, Wanubi na watoto wa madereva. Wazazi wengine bado wanakikunjia uso, kwao ni lugha ya askari na ya wezi, kumbukumbu za miaka ya sabini hizo, enzi za Idi Amin. Siwalaumu. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kiwe somo la lazima msingi na sekondari. Huku kwetu uamuzi umefika, vitabu bado viko njiani.

Kwa hiyo tunasoma mji. Kila mtoto analeta maandishi aliyoyaona wiki nzima: nyuma ya lori, mlango wa saluni, gunia la sukari, kibao cha kanisa. Leo binti mdogo, mkubwa wa sauti, amesimama akasoma kutoka daftarini: "USIKOJOE HAPA. FAINI 20,000."

Kicheko. Mwenye duka katoka kuona kuna nini.

Sikuwanyamazisha. Nimeliandika ubaoni, neno lile, kwa herufi kubwa, na nikauliza kuna maneno mangapi ndani yake. Moja, wakasema. Nikafunika mwanzo kwa kiganja. *Kojoe*. Nikafunika mwisho. *Usi*. Nani mwingine anatumia *usi*? Mikono juu: usiegeshe, usitupe taka, usivute sigara, usikopeshe. Na mkiwa wengi? *Msi*. Wakaona wenyewe kwamba *tupa* imegeuka *tupe*, *egesha* imegeuka *egeshe*, a imekuwa e. Mmoja akauliza, mbona *usijibu* haibadiliki? Hapo nikashusha pumzi ya furaha, kwa sababu hilo ni swali la mtu anayeitazama lugha na siyo anayeikariri. Tukatafuta: *usirudi*, *usisahau*, *usifikiri*. Hakuna a mwishoni ya kugeuza. Yametoka Uarabuni, nikawaambia, hayo yamekuja na tabia zao.

Kisha kila mmoja akaandika kibao chake. Nilichokipenda: "Usiguse kitabu na mikono ya mukene." Mukene ni dagaa. Nimekigundisha ndani ya kifuniko cha sanduku. Kingine: "Usiniamshe nikisoma." Mwandishi wake anadai si kosa.

Tulikuwa tuendelee na maigizo ya kusoma, kila mtu na karatasi yake mkononi, bila kukariri, kazi yote ni sauti. Tumegawana tayari: fisi watatu, msimulizi, na mvulana mmoja aliyeomba kuwa mlango. Mvua ikashuka.

Ya mwisho wa Mei haipigi hodi. Juu ni mabati. Fisi wa kwanza akafungua mdomo, tukaona meno tu. Msimulizi akapiga kelele, hakuna kitu. Nikaburuta sanduku mpaka ukutani, nikaonyesha kwa mkono: chukueni.

Karibu dakika arobaini. Hakuna wa kuzungumza naye, hakuna pa kwenda, hakuna mbuzi wa kutazama. Wamejibana mgongo kwa mgongo kwenye magunia, wengine wawili kwa kitabu kimoja, mmoja akishamaliza ukurasa anasubiri kwa kumgusa mwenzake kiwiko. Upepo alikuwepo. Kile kinene nilikuwa nimekiacha chini kabisa ya sanduku, sitasema kwa bahati mbaya, na watu walikuwa wengi mno kufukua. Alishika kile cha kurasa 16, kile chenye jalada la sabuni. Alikunja kidole. Akakunja cha pili. Akakikunjua cha pili, sijui aliligunduaje lile neno, labda alikigeuza kitabu. Midomo yake ilikuwa ikitembea.

Nikajilazimisha kutazama mvua.

Saa 2:00 usiku

Umeme hakuna. Nahesabu kwa tochi ya simu. Vilivyoazimwa na kuandikwa ni 23, vilivyorudi vimekuja na harufu zao, samaki, moshi, kimoja kina duara jeusi la kibatari jaladani. Naweka kwenye foleni ya gundi ya kesho. Nahesabu tena kuanzia mwanzo, pamoja na cha kijana wa boda.

83.

Napitia kaunta buku mstari kwa mstari. Kisicho na jina ni cha jalada la sabuni. Mvua ilipokatika walitimka wote kwa pamoja kabla giza halijaingia, na nakumbuka mmoja alikimbia amekumbatia tumbo, kama mtu anayeumwa, sweta limevimba mbele.

Nimeandika jina la kitabu na tarehe. Upande wa mwazimaji nimeacha wazi. Gundi iliyobaki nimeifunika na sufuria, jiwe juu, kwa ajili ya mende.