Macho ya Mtu wa Pangani

Masika yakishika, boti za wageni kule Pangani hufungwa kamba, na shemeji yangu hupanda basi kuja Moshi kumsalimia mama. Kazi yake ni kuwapeleka watu kwenye matumbawe ya Maziwe, wakaogelee kwa miwani na mrija. Safari hii alikuja na begi lake la vifaa, kwa sababu wageni waliotoka kupanda Kilimanjaro walikuwa wamemwambia kwamba huku bara kuna bwawa ambalo ukizama unaona mbali kuliko baharini kwake. Jambo hilo lilimkera.

"Shem," aliniambia kabla hata ya kunywa chai, "hiyo Chemka nipeleke nikaione mwenyewe."

Tukadamka. Hiace hadi Boma Ng'ombe, pale tukachukua bodaboda kuelekea Rundugai. Kiangazi njia ile hukupaka vumbi mpaka kwenye kope. Sasa ilikuwa utelezi mtupu, tukawa tunashuka na kusukuma, tunapanda, tunashuka tena. Nyika ya migunga pande zote, halafu ghafla kichaka cha mikuyu, na ndani yake maji ya buluu.

Tulikuwa wa kwanza kufika. Shemeji hakuruka kama wafanyavyo wote. Aliingia kwa kutambaa, akalaza uso majini, mikono nyuma, akatulia. Nami nikavaa miwani ya akiba nikamfuata. Maji si ya moto, ni vuguvugu tu, na samaki wadogo hawachelewi kuja kukudonoa visigino. Niliona mizizi ya mikuyu ikining'inia chini ya ukingo, na pale maji yanapotokea chini ya mwamba niliona punje za mchanga zikipanda na kushuka mahali pamoja, moja moja, ningeweza kuzihesabu. Ng'ambo ya bwawa jiwe lenye ukoko wa kijani lilionekana hadi nyufa zake.

Alipoinua kichwa, swali lake lilikuwa la kikazi. "Mvua imenyesha wiki nzima. Kwetu mvua ya namna hii ukinyoosha mkono majini huoni vidole. Haya mbona hayakuchafuka?"

Hilo mtu wa Moshi analijua. Mvua ya mlimani haiji Chemka kwa kukimbia juu ya ardhi. Inazama kwenye miamba ya volkano, inasafiri chini kwa chini, ikitokeza huku imekwisha kuchujwa. Haibebi udongo, na haikai bwawani muda wa kutosha kuota chochote. Inatoka na kwenda zake mtoni. Shemeji akatikisa kichwa. "Kumbe maji yenu hayana safari ya juu. Ya kwetu yamepita kila mahali."

Saa nne hivi likafika kundi la vijana na spika yao. Kamba ya kubembea ikaanza kazi. Kila aliyeruka alitua, akakanyaga chini, akarusha mateke. Dakika chache baadaye jiwe la ng'ambo lilikuwa limepotea. Nilidhani shemeji atanuna, kumbe ndiyo sehemu aliyoifurahia. Alinivuta mkono tukae pembeni tutazame. Mchanga mnene ulianguka mara tu miguu ilipopita. Lakini kule ukingoni, walikokanyaga tope la majani yaliyooza, palibaki wingu ambalo halikushuka muda wote tuliokuwapo.

"Mgeni anaweza kuharibu bahari nzima peke yake," alisema. "Amesimama wima, mapezi ya miguuni yamegusa chini, anapiga teke kutafuta alipo mwenzake. Kila akipiga, anazidi kutoona. Ndiyo maana kabla hawajaingia nawaambia: lala juu ya maji, usisimame, na mwenye mwenzake nyuma asipige mateke mbele yake." Mchanga wa matumbawe ni mzito, unasamehe. Tope la mikoko halisamehe.

Ziwa Chala lilikuwa wazo langu. Tulikodi gari dogo la jirani, tukapita Himo, kisha upande wa Rombo hadi kwenye ukingo wa kreta. Njia ya gari sina la kusema juu yake zaidi ya kwamba mgongo bado unaikumbuka. Chini kabisa ziwa limelala ndani ya shimo la volkano, mpaka wa Tanzania na Kenya ukipita katikati yake, kina chake zaidi ya mita 90. Nalo pia linalishwa hasa na maji ya chini ya ardhi, hakuna mto wa maana unaoingia. Kwa hesabu ya Chemka, shemeji alitegemea kuona kioo.

Mzee mmoja aliyetusindikiza kushuka alitukataza kuogelea, akataja mamba. "Shikamoo mzee, tumeelewa," shemeji akajibu, akatoa begini sahani nyeupe ya bati. Ilikuwa ya mama. Alikuwa ameitoboa matundu matatu, akaifunga jiwe kwa chini, na kamba ya katani yenye fundo kila pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mbinu hiyo si yake: mwaka 1865 padri wa Kiitalia, Angelo Secchi, aliteremsha sahani nyeupe kwenye bahari ya Mediterania akiwa ndani ya meli ya Papa, akapima kina inapopotea machoni, na hadi leo wataalamu wa maziwa na bahari wanatumia sahani ya Secchi. Shemeji alifundishwa na mtafiti aliyewahi kupanda boti yao.

Alisimama juu ya mwamba unaokatika ghafla majini, akaishusha taratibu. Fundo la kwanza, sahani nyeupe. La pili, ya kijani mpauko. La tatu ikawa doa. Kabla ya fundo la nne haikuwepo. Akaipandisha hadi ikatokea, akaishusha tena kuhakikisha.

"Hapa hakuna tope," akasema. "Hiki ni kitu kinachoishi."

Ndivyo ilivyo. Maji ya Chala yanakaa, na maji yanayokaa juani huota mimea midogo isiyoonekana kwa jicho. Upepo wa kusi unapovuma na kuyavuruga, rutuba iliyolala kilindini hupanda juu, na mimea ile hushamiri. Ikifa, maganda yake hushuka sakafuni, mwaka baada ya mwaka, tabaka jeupe juu ya tabaka jeusi. Watafiti waliotoboa sakafu ya ziwa mwaka 2016 walipata humo kumbukumbu ya hali ya hewa ya takriban miaka 250,000. Nilimweleza hayo shemeji kwa majivuno ya mwenyeji. Yeye akanirudisha baharini: huko Mafia watu husafiri kutoka mbali wakamwone papa potwe, halafu wakalalamika kwamba maji hayaonyeshi. Papa yule anakula viumbe vidogo vinavyoelea. Amefuata maji yenye chakula, na maji yenye chakula ni mazito. Anayetaka kuona mbali aende kwenye kuta za matumbawe za Pemba, kwenye kilindi kirefu kilicho mbali na midomo ya mito mikubwa.

Jua lilipoinama na kivuli cha kreta kuanguka juu ya mwamba wetu, aliishusha sahani tena. Ikapotea mapema zaidi, ingawa maji yalikuwa yaleyale. Kwa hiyo safari zake hupenda ziangukie saa tano, saa sita, jua likiwa utosini, mradi maji ya bahari yanamruhusu.

Nyumba ya Mungu tulipitia siku nilipokuwa namsindikiza kurudi. Tuliiacha lami upande wa Mwanga, tukateremka hadi ufukweni, wavuvi wakianika dagaa. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960. Linapokea mto Kikuletwa, ule unaochukua maji ya Chemka, na mto Ruvu, na kinachotoka upande wa pili ndio mto Pangani. Maana yake yale maji tuliyoogelea Chemka yalikuwa hapa mbele yetu, rangi ya chai ya maziwa. Mito iliyopokea mvua za mashamba na vijia vya ng'ombe ilikuwa imejiunga nayo njiani, na pale pasipo na kina upepo ulikuwa unalikoroga tope kutoka chini. Sahani ilipotea kabla ya kamba kunyooka.

Nilisema basi tope lenu ni letu. Shemeji akakataa, na hapo aliniacha nyuma kabisa. Bwawa linapotuliza maji, tope jingi hubaki humu humu. Linalomsumbua yeye huingia mtoni chini ya hapa, mito ya Mkomazi na Luengera inapoleta udongo wa milima ya Usambara. Likifika mdomoni chumvi hulifanya ligandamane na kuzama, watu wakadhani limekwisha. Lipo, limelala chini. Bamvua likija, mwezi mchanga au mpevu, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, mkondo unalinyanyua upya. Maji yakipwa yanavuta uchafu wa mto na wa mikoko kuelekea nje. Yakijaa yanasukuma maji safi ya bahari kuu kuja ndani. Na mahali maji ya mto yanapopita juu ya yale ya chumvi, macho yanaona mtetemo hata kama hakuna hata chembe ya tope.

"Kwa hiyo nije lini?" nilimuuliza.

"Februari. Kaskazi, mvua hakuna, mto umepungua. Uje maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mkondo ukiwa mpole. Shida ni moja, mchanga wa Maziwe hutokeza maji yakipwa, na wageni wanataka wakae mchangani wale. Kwa hiyo tutaondoka maji yakiwa chini, mle kwanza, halafu muingie yakianza kujaa."

Nikamwambia likizo yangu ni Juni.

"Juni ni kusi, shem. Njoo tu, dada yako atakupikia samaki. Miwani usihangaike nayo. Na sahani ya mama nimeiacha kwenye gari, mweleze wewe."