Chupa Ninayokwenda Nayo Longonot

Mama mmoja anayeuza vyombo kwa bei ya jumla huko Kamukunji, Nairobi, alitoa sumaku ndogo kwenye droo, akaigusisha kwenye chupa ya maji niliyokuwa nimeishika, na ilipokataa kunata akaniambia, "Umeona, kijana wangu? Hiki ni chuma halisi, hakitashika kutu hata ukiwaachia wajukuu." Nilimlipa nikaondoka nikiwa na furaha. Kabla ya mwaka kwisha, chupa hiyo ilikuwa imetoa madoa ya rangi ya kahawia kuzunguka shingo, mahali ambapo mfuniko huwa unabakiza unyevu, na maji yake yalikuwa na ladha ya msumari.

Simlaumu mama yule, kwa maana jaribio la sumaku linaaminiwa na wauzaji na wanunuzi wengi wa jiji hili, nami nilikuwa miongoni mwao. Kasoro yake ni kwamba halitenganishi kile tunachotaka kitenganishwe. Chuma kinachofaa kwa chupa ya maji ni kile kisichoshika kutu upesi (stainless steel) cha daraja la 304, ambacho huandikwa pia 18/8 kwa sababu kina takriban asilimia 18 ya kromi na asilimia 8 ya nikeli. Kuna daraja jingine, 201, ambalo sehemu kubwa ya nikeli yake imepunguzwa na nafasi yake kujazwa na manganizi ili bei ishuke, na hilo huwahi kushika kutu. Yote mawili kwa kawaida hayavutwi na sumaku. Isitoshe, 304 halisi ikikunjwa kwa nguvu kiwandani, kama inavyokunjwa shingoni na kwenye kona za kitako, huweza kuvuta sumaku kidogo, kwa hiyo mtu anaweza kuikataa chupa nzuri na kununua mbaya kwa kutumia kipimo hicho hicho.

Kinachokizuia chuma hiki kushika kutu ni ile kromi, ambayo ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba sana usioonekana kwa macho, na utando huo ukikwaruzwa hujirudishia wenyewe. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, aliyetengeneza chuma cha namna hii mwaka 1913, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki ambacho hakingelika upesi. Tunaonufaika nacho leo ni sisi wenye vijiko na sufuria. Nayaeleza haya kwa sababu chupa yangu ya pili, ambayo kitako chake kiligongwa muhuri wa 304 na naamini muhuri huo ulisema kweli, niliiharibu mwenyewe. Niliilaza usiku kucha na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ili kuondoa harufu ya sharubati, na klorini ikautoboa ule utando. Asubuhi nilikuta vishimo vidogo kama alama za sindano. Matone machache ya dawa ya kutibu maji ya kunywa hayana madhara hayo. Kinachodhuru ni dawa kali inayoachwa ndani kwa saa nyingi. Siku hizi harufu naiondoa kwa magadi ya kuokea na maji ya moto.

Hata hivyo, kwa mtu anayetembea porini, swali zito kuliko daraja la chuma ni kama anahitaji ukuta mmoja au kuta mbili. Chupa ya kuta mbili ina ombwe katikati, yaani nafasi iliyoondolewa hewa, ufundi ambao James Dewar aliuanzisha mwaka 1892 kwa chupa za maabara yake, na ni kweli kwamba chai ya saa kumi na moja alfajiri bado itakuwa ya moto mtu atakapofika kwenye ukingo wa kreta (shimo la volkeno) ya Mlima Longonot. Lakini ya lita moja huwa na uzito wa karibu nusu kilo kabla hujatia hata tone la maji, wakati ile ya ukuta mmoja huweza kuwa chini ya nusu ya uzito huo. Pale Longonot hakuna maji njiani, vumbi la majivu linafika magotini, na kila mtu hubeba lita mbili au tatu. Huo uzito wa ziada unauhisi mabegani kwenye miinuko ya kuelekea kilele cha mita 2,776.

Tena, chupa ya kuta mbili ikibonyea vibaya na mshono wa kitakoni ukafunguka, ombwe limekwisha na hakuna fundi wa kulirudisha. Yangu ilianguka kwenye jiwe, ikabonyea kitakoni, na kwa macho haikuonekana kuwa na neno. Nilipoijaza maji yaliyochemka na kuishika baada ya dakika kama tano, ubavu wake ulikuwa wa moto, ishara kwamba ilikuwa imebaki chupa nzito tu. Kipimo hicho kinafaa pia dukani, muuzaji akikubali.

La hatari zaidi ni moto. Kambini, mwenzetu mmoja alitaka kupasha maji kwa kuiweka chupa yake ya kuta mbili, ikiwa imefungwa, kando ya makaa. Kiongozi wetu wa safari, mzee asiyependa maneno mengi, aliiondoa kwa fimbo na kusema, "Kijana, hiyo ni bomu." Hewa au mvuke uliofungiwa hauna pa kutokea. Chupa ya ukuta mmoja isiyopakwa rangi, ikiwa imefunguliwa na mfuniko wake umewekwa mbali, ndiyo inayoweza kuchemshia maji juu ya moto, na hilo kwangu lilitosha kumaliza mjadala. Ubaya wake ni kwamba maji hupata joto mchana. Soksi iliyoloweshwa na kuvalishwa chupa husaidia kiasi.

Mfuniko usidharauliwe, kwani ndio hufa kwanza. Napendelea ule wa kuzungusha, wenye kishikio kinene kisichokuwa na kitufe wala springi, na mpira unaoweza kutolewa kwa ncha ya kijiko ili uoshwe chini yake, mahali ambapo ukungu hujificha. Mdomo uwe mpana wa kuingiza brashi. Wanaoendesha baiskeli katika msitu wa Karura wapime kwanza kishikilia chupa chao, ambacho kwa kawaida huchukua chupa yenye upana wa milimita 73 hivi. Na kwa kuwa tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu inayohifadhiwa nchini Kenya, chupa ya kudumu si pambo tena.

Ninayoitumia sasa ni ya ukuta mmoja, lita moja, muhuri wa 304, haina rangi. Ina mibonyeo mitatu na weusi wa moshi usiotoka. Niliinunua kwa yule yule mama wa Kamukunji. Alitoa sumaku tena, nami nikamwomba badala yake aniuzie mpira wa akiba. Alikuwa nao, na hakunitoza chochote.