Mpiga dramu ndiye hujua kwanza

Sisi tunaokaa nyuma ya dramu huwa tunajua kabla ya mchungaji kwamba Roho yuko karibu kushuka. Pambio likishaimbwa lote mara kadhaa, kiongozi wa sifa huanza kulipunguza. Mstari wa kwanza unaachwa, wa pili unaachwa, mwishowe limebaki neno moja tu, "moto" au "shuka", yeye akilirusha na umati ukilidaka. Mpiga kinanda anapanda nusu sauti. Mimi naachana na matoazi, nahamia kwenye ile ngoma nzito ya kulia kwangu, na mwendo unaongezeka bila mtu kuamrisha. Mama mmoja katika safu za mbele anatikisa mabega, na ukimtazama unaona kabisa kwamba huko si kucheza tena. Wahudumu wameshamwona. Wawili wanasogea nyuma yake, mmoja ana leso begani, ya kumfunika miguu akianguka.

Wageni huliona hilo kama fujo, ilhali kila mtu hapo ana zamu yake. Na sheria kuu kwetu wapigaji ni kwamba mtu akishashukiwa, usikate muziki ghafla. Ukikata, anabaki ananing'inia: hajafika na hajarudi. Unamteremsha taratibu, ngoma ikilegea kidogo kidogo mpaka kibaki kinanda peke yake na pumzi za watu.

Sheria hiyo mimi niliikuta kwa nyanya, mzaa mama, muda mrefu kabla sijashika vijiti hapa Nairobi. Nyanya alikuwa Mwisraeli, yaani muumini wa African Israel Nineveh Church, kanisa aliloanzisha Paulo Zakayo Kivuli mwaka 1942 huko Magharibi mwa Kenya. Jumapili Waisraeli walipita barabarani kwa kanzu nyeupe na vilemba, bendera mbele, ngoma katikati, wakiimba na kuruka kwa hatua fupifupi. Mzee wa ngoma kubwa alikuwa mtu mkimya, hajawahi kuhubiri hata mara moja, lakini ibada nzima ilikuwa mikononi mwake. Mtu akianza kutetemeka, mzee alimgeukia yeye na kumpigia yeye. Wengine wote wakawa wasindikizaji.

Ndiyo maana huwa sielewi watu wanaosema kwamba ibada ya kurukaruka na kuanguka ni kitu kilicholetwa na Wazungu wa Kipentekoste, kikavaliwa na Waafrika kama mtumba. Tuchukue Kivuli mwenyewe. Alilelewa kiimani Nyang'ori, kwenye misheni ya Wapentekoste kutoka Kanada, na mwaka 1932 akajazwa Roho kwa nguvu iliyomgeuza kuwa mhubiri. Hapo karibu, Kaimosi, mambo yalikuwa yamelipuka zaidi. Marafiki, yaani Wakweka kutoka Marekani, walikuwa wamepiga kambi hapo tangu 1902. Mwaka 1927 mmoja wa waanzilishi wa misheni hiyo, Arthur Chilson, akahubiri juu ya ubatizo wa Roho Mtakatifu. Watu wakamsikia vizuri mno! Wakalia, wakatetemeka, wakaungama dhambi hadharani, wakanena kwa lugha. Misheni ikaingiwa na hofu, na waumini hao wa Roho wakaishia kufukuzwa. Ndiyo asili ya African Church of the Holy Spirit. Kinachonichekesha ni kwamba Marafiki wa kwanza kabisa, Uingereza ya karne ya 17, walidhihakiwa na majirani zao kwa kosa hilohilo la kutetemeka wakiwa ibadani.

Misheni ilileta fundisho. Mwili wa kulipokea fundisho hilo, wenye namna yake ya kusimama na kuitikia na kuachilia, ulikuwa tayari hapa.

Na hao Wapentekoste nao walikitoa wapi chao? Hapa inabidi tuvuke bahari. Mwaka 1739 watumwa waliasi karibu na mto Stono, koloni la South Carolina, wakiandamana kwa ngoma. Mwaka uliofuata sheria ikapiga marufuku ngoma za watumwa. Sasa mnyang'anye mtu ngoma uone. Viganja vikawa ngoma, visigino vikawa ngoma, na fimbo iliyogongwa kwenye sakafu ya mbao ikawa ngoma kubwa. Katika pwani za Georgia na South Carolina watu walizunguka duara kinyume cha mwendo wa saa, wakiburuta nyayo bila kupishanisha miguu, kwa sababu kupishanisha miguu kulihesabiwa kuwa dansi, na dansi ni dhambi. Pembeni walisimama waimbaji na mwenye fimbo. Duara liliendelea mpaka Roho ashuke. Huko Bolden, Georgia, jamii moja imelishikilia duara hilo hadi zama zetu, na wakati wake mkuu ni kesha la kuupokea mwaka mpya. Kesha! Jamaa hao tungewapa kiti mbele.

Wasomi weusi wenyewe waliliona duara aibu. Daniel Alexander Payne, askofu wa kanisa la African Methodist Episcopal, alieleza jinsi alivyokuta duara kwenye mkutano mmoja mwaka 1878, akamwamuru mchungaji alivunje. Baadaye kiongozi wa waliokuwa wakiimba akamjibu kwamba wenye dhambi hawaongoki pasipo duara. Nimelifikiria sana jibu hilo. Huyo bwana hakuwa anatetea mila. Alikuwa anaeleza kazi, kama fundi anayekwambia saruji haishiki bila maji.

Kisha ukaja mwaka 1906, Los Angeles, nyumba namba 312 mtaa wa Azusa, ambako uamsho wa Kipentekoste ulishika moto hadi ukasambaa duniani. Kiongozi wake alikuwa William Seymour, mtoto wa watu waliokuwa watumwa Louisiana. Mwalimu wake, Mzungu Charles Parham, alikuwa amemruhusu kufuata masomo Houston akiwa nje ya chumba, mlango ukiachwa wazi, kwa sababu ya rangi yake. Parham alipokuja kuitazama Azusa mwaka huohuo alichukizwa na alichokiona, na maneno yake juu ya ibada ile yalikuwa ya kibaguzi waziwazi: machoni pake kosa kubwa la ibada hiyo lilikuwa kufanana na ibada ya watu weusi. Mwaka 1908 mbegu ya Azusa ikafika Afrika Kusini na akina mhubiri John G. Lake, na muda si mrefu upepo wa Kipentekoste ukawa unavuma kila upande wa bara hili. Yaani mtoto alirudi nyumbani na jina jipya, mkononi ana barua ya utambulisho kutoka ng'ambo, ndipo tukamfungulia mlango.

Upo upande wa pili ambao nao siukubali. Kuna rafiki zangu, wasomi wazuri, wanaosema haya yote ni mizimu ileile iliyobandikwa jina la Yesu. Hapana. Wamtazame Simon Kimbangu. Mwaka 1921, huko Nkamba, Kongo, alitetemeka alipokuwa akiponya, jambo ambalo kila mwenyeji alilitambua, na papo hapo aliagiza hirizi zichomwe na ngoma ziachwe. Wabelgiji walimfunga kwa miaka 30, akafia gerezani. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mganga aliyevaa msalaba.

Tofauti nimeiona vizuri zaidi Pwani, ambako niliishi kwa muda. Katika ngoma ya pepo, mganga hupiga mpaka pepo apande kichwani kwa mwele, yaani mgonjwa, kisha humuuliza: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Pepo hujitaja, hudai chano chake, yaani sinia lake la sadaka, nguo ya rangi fulani, pengine pete. Wakikubaliana, hubaki kwa amani na kiti chake, yaani huyo mwele. Sasa ingia kwenye kesha lolote la ukombozi utasikia maswali hayohayo: jina lako nani, umeingia lini, mko wangapi? Mpangilio ni mmoja, hata namna msaidizi anavyomshika mgonjwa mabega. Ila mchungaji hapatani na pepo. Humfukuza. Kwa aliyewahi kuwa kiti, hiyo si tofauti ndogo, na wanawake wengi waliopitia pande zote mbili watakueleza kwa nini walihama, au kwa nini walirudi.

Jambo hili lote limenikalia rohoni kwa sababu ya isukuti. Upande wa baba mimi ni Mwidakho, na ngoma ya isukuti, ya kwetu na ndugu zetu Waisukha, ina ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Nilileta ile ya kati kwenye mazoezi ya kwaya. Mchungaji akaniita kando kwa upole, akasema hiyo haiwezi kuingia madhabahuni kwa sababu ina mizimu. Sikubisha. Jumapili nikaupiga mdundo uleule, pigo kwa pigo, kwenye dramu za dukani zinazong'aa, na yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuvua koti.

Baada ya ibada nikamwendea na 2 Wafalme 3:15, pale Elisha anapodai aletewe mpiga kinanda, na huyo anapopiga ndipo mkono wa Bwana unamjia nabii. Nikamwambia, mchungaji, hata Elisha alihitaji mtu wa ala.

"Hicho kilikuwa kinanda, ndugu yangu," akanijibu. "Hakikuwa ngoma."

Nikamfungulia Zaburi ya 150, mstari wa nne, penye matari na kucheza. Akatazama saa, akasema tutaongea vizuri ibada ya pili ikiisha. Ibada ya pili ilipoisha alikuwa ameshaondoka.