Siku Tuliyoalika Arusi kwa Miguu

Dada yangu alipochumbiwa, shangazi hakutaka hata kusikia habari ya kadi. Kwao Mikindani arusi hualikwa kwa mdomo, mlango kwa mlango, na mtu akiletewa kadi na mtoto ana haki ya kutokuja. Mimi nikapewa kazi ya kufuatana naye.

Tulianza hukohuko Mikindani, asubuhi. Ni mji wa zamani wa majahazi, na vichochoro vyake ni vyembamba. Nyumba za mawe na chokaa zinatazamana kwa karibu, kwa hiyo hata jua likipanda, upande mmoja wa njia unabaki na kivuli. Tulikuwa tunavuka tu toka upande huu kwenda ule. Kila baada ya hatua chache kuna mlango, na pembeni ya mlango kuna baraza, nyingine saruji yake imelainika na kung'aa kwa kukaliwa. Mzee mmoja alituitikia salamu, akauliza arusi ya nani, akatusogezea sahani ya ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha. Nikamenya wa kwanza, nikauchovya kwenye chumvi na pilipili, shangazi akiendelea kueleza ukoo wa bwana arusi. Tulitembea mpaka adhuhuri na sikusikia miguu kabisa.

Mchana tukapanda daladala kwenda Mtwara mjini, mwendo wa kilomita kama 10, tukashukia Shangani. Hapo ndipo nilipochoka. Barabara pana, imenyooka, jua la utosi. Ukuta, geti, ukuta mwingine, geti jingine. Mbwa anabweka ndani, mtu humwoni. Bahari iko karibu na upepo wake ni mzuri, nakiri, lakini upepo haukuulizi umetoka wapi.

"Shangazi, mbona nyumba zimeachana hivi?"

"Mji wa karanga huu, mwanangu."

Akanieleza huku tunatembea. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, wakataka bandari yenye kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea, wakapima mji mpana kwa kutarajia watu wengi. Mwaka 1951 mradi ukafa. Viwanja vikabaki na ukubwa wake, na sisi siku ile tukaumaliza upana huo kwa ndara.

Kwenye nyumba mbili tulibonyeza kengele tukasimama juani mpaka tukakata tamaa. Shangazi, mwanamke asiyelalamika, akavua ndara moja akausugua unyayo bila kusema neno.

Alasiri tukaingia Magomeni ya hapohapo Mtwara, na hapo nikamwona anabadilika mwendo. Sio kwamba Magomeni pana njia nzuri. Mchanga ulikuwa unajaa kwenye ndara. Lakini chini ya mwembe watu wanacheza bao, mama anakaanga mihogo mbele ya nyumba yake, fundi cherehani ametoa cherehani yake barazani, watoto wanatupisha na kutuamkia.

"Shikamooni!"

"Marahaba, wanangu. Mama yenu yupo?"

Basi kila aliyetuuliza tunakwenda wapi, shangazi alimwalika papo hapo. Fundi cherehani akaalikwa, na mama wa mihogo, na wacheza bao wote wanne. Usiku mama yangu alipopata hesabu, akatuma watu sokoni kuongeza mchele.